Tope lilisimama ukutani kwetu, likafunika nyumba ya mdogo wangu

SWALI

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, mkazi wa Rungwe, huku juu kwenye migomba na mashamba ya chai. Kijiji sikitaji maana huku tunajuana. Nafundisha shule ya Jumapili na naimba kwaya ya akina mama. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Naeleza haya ili usidhani anayekuandikia ni mtu aliyekuwa anatafuta sababu ya kuacha kusali.

Masika iliyopita ilitushika vibaya. Huku kwetu mvua si habari, lakini ile ilikuwa inapiga usiku kucha, mchana inapumua kidogo, halafu inaanza tena. Siku hiyo karibu na alfajiri tulisikia mngurumo, mume wangu akasema ni lori la viazi limepinduka barabarani. Kumbe ni mlima. Kipande cha shamba la juu kilikatika kikashuka na migomba yake, mingine ikiwa bado imesimama wima. Kwetu tope lilifika kwenye ukuta wa jiko la nje likaishia hapo. Kwa mdogo wangu wa kiume, ng'ambo ya kijito, lilipanda hadi juu ya mabati.

Yeye hakuwepo. Alikuwa Mwanjelwa, Mbeya mjini, amelala na mzigo wake wa ndizi akisubiri wanunuzi wa asubuhi. Ndani walikuwa wifi yangu na watoto wawili. Wanaume walichimba kwa majembe na machepe, baadaye wakayatupa wakachimba kwa mikono kwa kuogopa kuwakata. Aliyepatikana kwanza ni yule mkubwa, wa darasa la tatu, amevaa sweta la shule, maana watoto wa huku hulala na masweta kwa baridi. Mimi shangazi yake ndiye niliyemsafisha. Tope lilikuwa limejaa masikioni. Nikawa nalitoa kidogo kidogo kwa ncha ya kitenge na maji ya uvuguvugu, na akili ilikuwa inaniambia nisibonyeze sana, nitamwumiza.

Msibani mhubiri mgeni alisema Mungu akitembea bustanini huchuma kwanza maua mazuri. Watu wakaitikia amina. Mwingine, pembeni lakini kwa sauti ya kusikika, alisema tusijifanye hatujui, kwamba mdogo wangu aliwahi kumpeleka yule mtoto mdogo kwa mganga kwa ajili ya kifafa, na hiyo ndiyo bakora yake. Ni kweli alimpeleka. Na nusu ya waliokaa kwenye yale mabenchi wamewahi kwenda kwa mganga huyo huyo.

Sasa inakuja ibada ya shukrani ya mavuno. Kamati imepanga nisimame mbele nitoe ushuhuda jinsi Mungu alivyolizuia tope kwenye ukuta wa jiko langu. Mume wangu alishakubali kwa niaba yangu kabla sijaulizwa. Nilipomwambia siwezi, alisema kunyamazia wema wa Mungu ni kutafuta balaa la pili. Mdogo wangu tangu msiba anaishi kwetu. Atakuwa amekaa pale pale ananisikiliza. Nikisema Mungu aliliambia tope lisimame kwangu, nitakuwa nimesema nini kuhusu kwake?

Watoto nao. Jumapili moja katoto ka miaka sita kaliniuliza, "Mwalimu, Mungu alikuwa hajaamka?" kwa sababu lilitokea alfajiri. Wenzake wakacheka. Nikawaambia tuimbe.

Na kuna hili. Mdogo wangu anataka kujenga tena pale pale. Nikimwambia ni hatari, ananijibu kwamba Mungu akikutaka atakukuta hata Dodoma kwenye tambarare. Sina cha kumjibu, kwa sababu ni maneno yale yale tuliyofundishwa.

Sijaacha kuamini, mama. Bado nasali asubuhi. Ila nikifika pale pa "utuokoe na yule mwovu" nasita. Lile tope halikuwa mwovu. Ilikuwa mvua na udongo, na vyote viwili tunafundishwa kuwa vimeumbwa na Mungu.

Nisimame au nisisimame? Na je, mwenye maswali kama haya anaruhusiwa kuendelea kufundisha watoto wa watu?

Shangazi, Rungwe

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana. Pole ya wifi, pole ya watoto, na pole ya kuibeba hii barua kichwani muda wote huo huku unapika, unalima na unaimba kwaya. Nilipofika kwenye masikio ya yule mtoto niliiweka chini kwanza, nikaisoma iliyobaki baadaye.

Ukiniruhusu nirudie kwa maneno yangu, naona umefunga pamoja mambo ambayo yana uzito tofauti. Liko swali la kwa nini Mungu mwema aache mlima ushuke juu ya watoto waliolala. Iko Jumapili inayokuja, na wewe umesimama na kipaza sauti mbele ya ndugu yako. Na yuko ndugu mwenyewe, anayetaka kurudi kujenga chini ya mteremko uliomfilisi. La kwanza halitajibika kabla ya mavuno, na wala Jumapili hiyo haihitaji liwe limejibika.

Hata hivyo silikimbii, maana ndilo linalokukwamisha kwenye sala.

Uliowasikia msibani walitoa majibu mawili, la maua na la bakora. La maua nimelisikia kwenye misiba mingi na sijawahi kulipenda. Mungu anayemchukua mtoto wa mtu ili apambie kwake mimi simfahamu, na sidhani waliomwitikia amina yule mhubiri wangemfahamu kama maua hayo yangekuwa ya kwao. Watu huitikia kwa sababu ni msiba na mtu ameshika Biblia.

La bakora lina hatari zaidi. Wewe umeshalijibu nusu, uliposema nusu ya lile benchi walikwenda kwa mganga huyo huyo na tope halikuwafuata. Nusu ya pili iko kwenye Luka sura ya 13. Yesu mwenyewe anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, naye anauliza kama wasikilizaji wake wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe: sivyo. Kisha anawaambia hao wazima watubu. Hasemi mnara ulianguka kwa sababu gani. Nadhani ni vizuri yule mama, au baba, wa pembeni asomewe sura hiyo siku moja, na mtu mwingine asiyekuwa wewe.

Nenda sasa kwa Ayubu, mwanangu, maana watu wanamnukuu vibaya. Watoto wake walikufaje? Upepo mkubwa uliipiga nyumba pembe zote nne, ikawaangukia. Yaani walikufa kama walivyokufa watoto wenu, ndani ya nyumba, kwa kitu ambacho hakikuwa na mkono wa mwizi wala adui. Ayubu akasema Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Misibani tunaishia hapo tukafunga kitabu. Lakini hiyo ni sura ya kwanza. Ukifika ya tatu anailaani siku aliyozaliwa, na anaendelea kumshitaki Mungu kwa Mungu mwenyewe sura baada ya sura. Rafiki zake walifanya jambo la maana walipokaa naye chini siku saba bila kusema neno. Walipoanza kueleza kwamba lazima alitenda dhambi, wakaharibu. Na mwishoni, sura ya 42, Mungu anawakasirikia hao waliokuwa wanamtetea, anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Aliyelalamika ndiye aliyesifiwa. Sijui kamati yenu ya shukrani ingemweka wapi kwenye ratiba.

Lipo jibu jingine ambalo watu waliosoma hulipenda, na lina ukweli ndani yake. Kwenu huko mmekaa mahali ambapo mikono ya Bonde la Ufa inakutana, mmoja ukielekea Rukwa, mmoja Usangu, mmoja Ziwa Nyasa. Mlima Rungwe wenyewe, karibu mita 3,000, ni volkano, na jirani yake Kyejo ulitapika lava takriban miaka 200 tu iliyopita. Majivu hayo ya zamani ndiyo udongo mnaolima. Ndiyo maana ndizi, viazi, chai na maparachichi vinakubali kuliko sehemu nyingi za nchi. Udongo huo huo, ukilewa maji kwenye mteremko mkali, unapoteza mshiko na kuteleza. Kwa hiyo wanasema Mungu ameumba dunia inayokwenda kwa kanuni zake, haelekezi kila tope liende wapi, na dunia isiyo na milima inayobomoka isingekuwa na mashamba yenye rutuba. Ukiuliza akili yangu, naona hili linaondoa ile picha ya Mungu anayechagua nyumba. Tope lenu lilifuata mteremko na kijito. Lakini sithubutu kulipeleka kwa mdogo wako. Ukimwambia baba kwamba wanawe walikufa kwa kanuni ile ile inayootesha ndizi zake, umesema kweli na umemkata. Halafu linabaki swali: aliyezitunga kanuni hakuziona?

Swali hilo halikuanzia kwenu. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliupiga mji wa Lisbon, Ureno, asubuhi watu wamejaa makanisani. Mishumaa ya ibada ilichangia kuwasha moto, bahari nayo ikapanda, na makumi ya maelfu wakafa. Wasomi wa Ulaya walibishana juu ya Mungu kwa miaka. Voltaire, mwandishi wa Ufaransa, aliwashambulia waliodai kila linalotokea ni kwa wema. Rousseau, mwanafalsafa wa wakati huo huo, akamwandikia mwaka 1756 kwamba si maumbile yaliyorundika pale nyumba 20,000 za ghorofa sita na saba. Hilo la Rousseau litunze, tutalihitaji tukifika kwa mdogo wako.

Mimi nafikia wapi? Mkristo ana jambo moja la kushika ambalo halielezi chochote ila linabadilisha mahali Mungu anapokaa: kwamba Mungu wake naye alilia msalabani akiuliza mbona ameachwa, na hakupewa jibu saa ile. Wako waliofarijiwa na hilo mpaka wakasimama tena. Wako waliolisikia wakabaki na swali lao. Nimeketi na wa aina zote mbili, na sikuona kwamba kundi moja lilikuwa na imani ndogo kuliko lingine.

Turudi kwenye Jumapili. Umeandika kana kwamba una milango miwili, kusimama useme Mungu alilizuia tope, au kunyamaza uonekane umekufuru. Sina hakika ni hivyo. Mtu anaweza kushukuru kuwa hai bila kueleza kwa nini mwenzake hayupo. Unaweza kusema, "Namshukuru Mungu kwa watoto wangu walioamka siku ile, na ninamlilia kwa wale ambao hawakuamka," ukawataja majina, wote watatu, ukakaa. Huo nao ni ushuhuda, na hauna uongo. Hatari yake ni kwamba machozi yanaweza kukukatisha katikati, au mwenye kipaza sauti akakurukia na wimbo wa shangwe kabla hujamaliza. Ongea na mchungaji mapema. Mwulize pia kama ibada inaweza kuwa na nafasi ya maombolezo kabla ya matoleo. Zaburi zimejaa vilio, na kijiji kilichozika hivi karibuni hakikosi wengine wanaohitaji nafasi hiyo.

Unaweza pia kukataa, kwa upole, useme bado sijawa tayari. Watasema maneno. Sijui mume wako atayabebaje, na hilo unalijua wewe. Au ukasimama ukasema walivyopanga ili amani ipatikane nyumbani. Wapo wanaofanya hivyo na siwahukumu, ila kwa jinsi ulivyoandika naona ungetoka pale na mzigo mzito kuliko ulioingia nao.

Kuna watu wawili sijaona popote kwenye barua kwamba umewauliza.

Wa kwanza ni mume wako. Amekuambia kunyamaza ni kutafuta balaa la pili. Sikiliza hiyo sentensi tena. Yule ni mtu aliyelala usiku ule akidhani ni lori, na asubuhi akakuta kifo kimeishia ukutani kwa jiko lake. Inawezekana anachokiita shukrani ni woga, na anataka kumlipa Mungu haraka kabla mvua nyingine hazijaja. Kama ni hivyo, kubishana naye maandiko hakutasaidia. Mwulize usiku, watoto wakilala, kama bado anausikia ule mngurumo. Na kama shukrani hiyo inambana yeye, kwa nini asisimame yeye?

Wa pili ni mdogo wako. Umeamua kwa niaba yake kwamba ataumia, na huenda kweli. Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, mhubiri ameongea juu ya msiba wake, mtu wa pembeni ameongea, kamati imepanga, na yeye sijasikia akiulizwa. Mwambie wanachotaka useme. Anaweza kukuomba usiseme. Anaweza kukuomba mtoke wote wawili siku hiyo mwende makaburini. Anaweza hata kukuambia sema tu dada, mimi nimechoka. Jibu lake litakusaidia kuliko langu.

Hapo hapo kuna lile la kujenga. Maneno yake ni ya kwenye mafundisho, lakini simsikii mtu anayefundisha dini. Namsikia mtu ambaye hajali tena kufa, au ambaye hataki kuiacha ardhi ilikolala familia yake. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mwulize polepole ni lipi. Akikuambia anatamani kuwafuata, au ukiona ameanza kugawa vitu vyake na kuaga aga, usimwache peke yake, na umpeleke hospitali ya wilaya bila kungoja. Huzuni ya namna hiyo ina matibabu, na kwenda hospitali hakupunguzi imani ya mtu.

Kama ni ardhi, basi hapo ndipo Rousseau anapoingia, kwa heshima. Mlima ulishuka wenyewe, lakini nyumba kuwa pale ilikuwa na sababu za kibinadamu: shamba la babu lililogawanywa mpaka likaisha, mteremko uliobaki kuwa ndio pekee wa kijana kujengea, labda na miti iliyokatwa juu yake. Sisemi ni kosa lake. Nasema Mungu asilaumiwe peke yake kwa mambo ambayo kijiji kinaweza kuyabadilisha. Katesh, chini ya Mlima Hanang, tope lilishuka tarehe 3 Desemba 2023 na kuua zaidi ya watu 80. Hapo Mbeya mjini, Aprili 2024, Mlima Kawetere ulifukia nyumba kule Itezi. Mlima ukishakatika sehemu moja, kingo zilizobaki juu hazina uhakika. Mtendaji wa kijiji na kamati ya maafa ya wilaya wanaweza kuombwa mtaalamu wa miamba aje aangalie kabla jiwe la msingi halijawekwa, na kuulizwa kama kuna kiwanja kingine. Wewe mwenyewe, kwa kuwa jiko lako liko pale pale, tazama nyufa mpya ardhini upande wa juu, miti au nguzo zinazoanza kuinama, milango inayobana ghafla bila sababu, na chemchemi inayotoka mahali isipokuwepo au kijito kinachogeuka tope ghafla. Ukiona hayo wakati wa mvua kubwa, toka na watoto usiku huo huo, usingoje kupambazuke. Na mdogo wako akirudia lile la Dodoma, mkumbushe kwamba wanaosali kwenye jumuiya yenu usiku wanafunga mlango kwa komeo, na hakuna anayewaona wamekosa imani.

Mwisho ni darasa lako. Yule wa miaka sita aliyeuliza kama Mungu alikuwa hajaamka hakukufuru. Fungua Zaburi ya 44, karibu na mwisho, utakuta watu wazima wanamwimbia Mungu aamke, wanamwuliza mbona amelala. Wimbo wa hekaluni huo. Ukitaka, Jumapili ijayo waambie watoto kwamba mwenzao aliuliza swali ambalo liko ndani ya Biblia, na kwamba wewe mwalimu pia unaliuliza. Wazazi wengine hawatafurahi, kwa hiyo mjulishe mchungaji kabla. Na ukiona huwezi kusimama mbele ya watoto kwa sasa kwa sababu kila sweta la shule linakurudisha kule, omba mwenzako akushikie darasa msimu mmoja. Sababu hiyo inatosha, wala usiieleze kwa mtu kama ni kupungukiwa na imani.

Kama ibada iko karibu, ningeanza na mdogo wako kabla ya mchungaji. Mkikaa, mkachelewa kupata maneno, msiharakishe. Kisha niandikie alivyosema, hata kama itakuwa baada ya mavuno.